Garhwal ya Himalaya: Mwongozo Kamili wa Kushuka Mto Ganga, Kupanda Milima na Kuzuru Mahekalu

Kaskazini mwa India, pale Mto Ganga unapotoka milimani na kuingia tambarare, ndipo inapoanza Garhwal. Ni upande wa magharibi wa jimbo la Uttarakhand, lililoundwa mwaka 2000. Wahindu huiita nchi hii Devbhoomi, ardhi ya miungu, na kwa karne nyingi wamekuwa wakipanda kwa miguu kufuata mito yake hadi kwenye mahekalu yaliyo karibu na barafu. Siku hizi njia zilezile zinapitwa na wanaokuja kupiga kafi, kuruka kwa kamba na kupanda vilele. Asubuhi unaweza kuwa majini ndani ya boti la mpira, na jioni ukakaa ngazini kando ya mto uleule ukisikiliza kengele za ibada.

Nimeandika mwongozo huu kwa mtu anayetaka vyote viwili katika safari moja ya wiki mbili hivi. Safari nyingi za huku huharibikiwa kwa sababu mbili: mtu amekuja majira yasiyofaa, au amepanda juu haraka kuliko mwili wake unavyoweza. Panga kwa kalenda na kwa kimo. Umbali wa kwenye ramani uweke mwisho, kwa sababu kilomita 200 za Garhwal ni kazi ya kutwa nzima.

Hatua ya 1: Chagua majira kabla ya kununua tiketi

Mahekalu makuu manne ya Garhwal ni Yamunotri, Gangotri, Kedarnath na Badrinath. Kwa pamoja huitwa Char Dham. Hufunguliwa Aprili au Mei na kufungwa Oktoba au Novemba, na tarehe hufuata kalenda ya Kihindu, kwa hiyo hubadilika kila mwaka. Gangotri na Yamunotri hufunguliwa kwenye sikukuu ya Akshaya Tritiya. Tarehe ya Kedarnath hutangazwa siku ya Maha Shivaratri, na ya Badrinath siku ya Basant Panchami. Kedarnath hufungwa siku ya Bhai Dooj, siku chache tu baada ya Diwali. Baada ya hapo theluji hufunika kila kitu, na mungu wa Kedarnath hushushwa kwa maandamano hadi mji wa Ukhimath, chini bondeni, ambako huabudiwa mpaka majira mapya.

Mto nao una kalenda yake. Boti huruhusiwa Rishikesh kuanzia mwisho wa Septemba hadi Juni. Julai na Agosti ni masika makubwa: mto hujaa matope, boti husimamishwa na milima humomonyoka juu ya barabara.

Ukiziweka kalenda hizi mbili pamoja, vinabaki vipindi viwili: Mei hadi katikati ya Juni, na mwisho wa Septemba hadi Oktoba yote. Mimi ningechagua Oktoba bila kusita. Mei na Juni shule za India zimefungwa na foleni ya Kedarnath huweza kukula saa nyingi, wakati Oktoba hewa imeoshwa na mvua, vilele vinaonekana tangu alfajiri, na vyumba vinapatikana. Ila usiku kuna baridi kali huko juu, na lazima uhakikishe Diwali ya mwaka huo inaangukia lini.

Hatua ya 2: Viza, chanjo na vitu vilivyokatazwa

Wakenya na Watanzania huomba viza ya India mtandaoni. Tumia tovuti rasmi ya serikali ya India peke yake, kwa sababu zipo tovuti nyingi za mawakala zilizovaa sura ya serikali na hutoza mara kadhaa zaidi. Pasipoti iwe na uhai wa miezi sita au zaidi.

Kadi ya manjano usiisahau. India ni wakali sana kuhusu homa ya manjano: anayetoka nchi yenye hatari ya ugonjwa huo, na Kenya na Uganda zimo, akifika bila cheti anaweza kuwekwa karantini. Cheti huanza kufanya kazi siku 10 baada ya sindano, kwa hiyo usichanjwe siku moja kabla ya kuruka.

Wapanda milima wengi wana vifaa vidogo vya mawasiliano ya setilaiti. Viache nyumbani. India imekataza simu na vifaa hivyo bila kibali maalumu, na wasafiri wamewahi kukamatwa navyo uwanja wa ndege. Droni nazo zina sheria nzito, na karibu na mpaka wa Tibet hakuna wa kukusikiliza.

Kisha jisajili kwa ajili ya Char Dham. Usajili hufanyika kwenye tovuti ya utalii ya serikali ya Uttarakhand, ni bure, na hukupa karatasi yenye msimbo wa kuchanganuliwa kwenye vizuizi vya njiani. Yapo pia madirisha ya usajili Haridwar na Rishikesh. Bila karatasi hiyo utarudishwa Sonprayag, kituo cha magari cha kuelekea Kedarnath, hata kama umetoka mbali kiasi gani.

Hatua ya 3: Kufika Rishikesh

Kutoka Nairobi na Dar es Salaam zipo ndege za moja kwa moja hadi Mumbai, na kutoka hapo unaunganisha Delhi au Dehradun. Uwanja wa Dehradun uko mwendo wa chini ya saa moja kwa gari hadi Rishikesh. Wengi hushukia Delhi na kupanda treni hadi Haridwar. Tiketi ikate mapema, maana treni za wikiendi hujaa.

Lala usiku mmoja Haridwar ukiweza. Jioni, kwenye ngazi za Har Ki Pauri, makuhani huinua taa kubwa za moto kuelekea mtoni na maelfu ya watu huimba pamoja. Haridwar ni mojawapo ya miji minne ya Kumbh Mela, mkusanyiko mkubwa wa mahujaji wa Kihindu wanaokuja kuoga mtoni, na hata siku ya kawaida utaona namna mto unavyoweza kuwa mama wa watu. Rishikesh iko kilomita 25 hivi mbele.

Jambo moja la malazi: mwenye hoteli India anatakiwa kumsajili mgeni wa nje kwa polisi, na baadhi ya nyumba za bei rahisi hazina utaratibu huo. Uliza kabla ya kulipa kama wanapokea wageni wa kigeni.

Hatua ya 4: Rishikesh, siku tatu za maji

Rishikesh ni mji mtakatifu, kwa hiyo ndani yake hakuna nyama wala pombe. Muislamu hatapata shida ya chakula huku: kila kitu ni dengu, maharage, mboga, wali na chapati. Daraja la zamani la Lakshman Jhula lilifungwa baada ya kuchoka, kwa hiyo vuka kwa Ram Jhula au Janki Setu.

Safari za boti hupimwa kwa mahali unapoanzia. Brahmapuri ni kilomita 9, nzuri kwa familia. Shivpuri ni kilomita 16, na ndiyo inayopendwa kuliko zote. Marine Drive ni 24 hivi, na Kaudiyala ni 35 au zaidi, ambako kuna mkondo uitwao The Wall unaopindua boti za wazoefu. Kama umewahi kushuka Nile pale Jinja, maji ya Rishikesh hayatakutisha kwa ukubwa. Yatakushtua kwa baridi, kwa sababu juma moja lililopita yalikuwa theluji.

Usichague kampuni kwa bei. Chagua kwa kutazama vifaa kabla ya kupanda gari. Shika jaketi la kujiokolea: boya la ndani liwe gumu, vifungo vyote vibane, na mtu akikuvuta kwa mabega ya jaketi lisipande hadi masikioni. Kofia ngumu isicheze kichwani. Muulize kiongozi kama kutakuwa na mtu wa kayaki wa kuwasindikiza, na jibu likiwa hapana kwenye njia ya Kaudiyala, tafuta kampuni nyingine.

Kabla ya kuondoka utafundishwa amri za kupiga kafi. Zisikilize kwa makini, kisha weka moyoni hili la kuanguka majini. Lala chali, miguu itangulie upande mto unakoelekea, vidole vya miguu vionekane juu ya maji. Usijaribu kusimama hata kama maji ni ya kiunoni, kwa sababu mguu ukinasa kati ya mawe mkondo utakulaza kifudifudi na kukushikilia hapo. Ukirushiwa kamba, shika kamba yenyewe, iweke kifuani, geuza mgongo kwa anayekuvuta na uendelee kutazama juu. Usijizungushie mkononi kamwe.

Anayetaka kuruka kwa kamba aende Mohanchatti, mwendo mfupi nje ya mji, penye jukwaa la mita 83 juu ya korongo. Utapimwa uzito na kuulizwa magonjwa ya moyo, mgongo na shinikizo la damu. Jibu ukweli.

Tenga nusu siku kwa hekalu la Neelkanth Mahadev, lililo msituni juu ya mji. Wahindu husimulia kwamba hapo ndipo mungu Shiva alipomeza sumu iliyotoka baharini ili kuuokoa ulimwengu, na koo lake likageuka buluu. Jioni shuka Triveni Ghat au kwenye ashramu (makao ya kiroho) ya Parmarth Niketan kwa ibada ya taa. Watu huweka majini kibakuli cha majani chenye maua na moto mdogo. Unaweza kununua chako na kukiachia. Ukiona familia inaombea marehemu wao, weka kamera chini.

Hatua ya 5: Panda taratibu kupitia Tungnath

Wengi hukimbia kutoka Rishikesh moja kwa moja hadi Kedarnath, na wengi wao hufika juu wakitapika. Rishikesh iko chini ya mita 400 kutoka usawa wa bahari, na Kedarnath iko mita 3,583. Mwili unahitaji ngazi ya katikati, na Garhwal imeiweka mahali pazuri sana.

Ondoka Rishikesh alfajiri. Simama Devprayag, mito ya Bhagirathi na Alaknanda inapokutana na kuanza kuitwa Ganga; kutoka barabarani utaona rangi mbili za maji zikigusana. Pita Rudraprayag, ufuate Mto Mandakini, ulale Ukhimath, kwenye mita 1,300 hivi. Kesho yake unaweza kupanda kutoka kijiji cha Sari hadi ziwa la Deoria Tal, ambamo safu ya Chaukhamba yenye mita 7,138 hujiangalia asubuhi maji yakiwa yametulia. Usiku wa pili lala Chopta, karibu mita 2,700.

Kutoka Chopta njia ya mawe hupanda kilomita 4 hivi hadi Tungnath, mita 3,680, hekalu la Shiva lililo juu kuliko mengine yote. Kilomita moja na nusu mbele kuna kilele cha Chandrashila, takriban mita 4,000, na ukiamka saa tisa usiku utaona jua likichomoza upande wa mlima Nanda Devi. Halafu unashuka kulala chini. Waliopanda Kilimanjaro wanaijua kanuni hii: panda juu, lala chini. Kwa kulinganisha, kambi ya Horombo iko mita 3,720, kwa hiyo aliyelala Horombo salama ana fununu ya namna mwili wake utakavyokuwa Kedarnath.

Huku juu omba mandua ki roti, chapati nyeusi ya ulezi inayoliwa na samli. Ulezi asili yake ni nyanda za juu za Afrika Mashariki, na umekuwa chakula cha wakulima wa Garhwal kwa vizazi visivyohesabika. Mpishi hufurahi sana mgeni akiutambua.

Hatua ya 6: Kedarnath

Hii ndiyo siku ngumu ya safari, na kwangu ndiyo sababu ya safari yenyewe.

Gari lako litaishia Sonprayag. Hapo huonyesha usajili, kisha jeep za pamoja huwapeleka watu kilomita 5 hadi Gaurikund. Kutoka Gaurikund ni kilomita 16 hivi za kupanda, na utaongeza takriban mita 1,600 za kimo. Anza saa kumi na moja alfajiri. Mwenye nguvu ya wastani hutumia saa saba hadi tisa. Vibanda vya chai viko njia nzima, kwa hiyo beba maji lita moja na ujaze unapopita. Asubuhi hali ya hewa huwa nzuri. Mchana mawingu hushuka na mvua ya baridi hupiga.

Mnamo Juni 16 na 17, 2013, mvua kubwa na kupasuka kwa ziwa la Chorabari juu ya bonde kulileta mafuriko yaliyoua maelfu ya watu. Kituo cha Rambara kilifutika, na njia ya sasa ilichongwa upya ng'ambo ya mto. Nyuma ya hekalu utaliona jiwe kubwa lililoletwa na mafuriko likasimama pale na kuyagawa maji kulia na kushoto. Watu hulisujudia. Ukisimama karibu nalo na kuona jinsi lilivyo jirani na ukuta, utaelewa kwa nini. Mvua ikianza kuwa kubwa na polisi wakafunga njia, tii. Mlima huu umeshachukua wengi.

Asiyeweza kutembea anaweza kukodi farasi mdogo, machela ya wapagazi wanne, au helikopta kutoka Phata, Sersi au Guptkashi, ambayo tiketi zake hukatwa kwenye tovuti rasmi. Helikopta ina ubaya wake: hukupandisha kwa dakika kile ambacho mwili ulihitaji siku nzima kukizoea. Farasi nao, kama kidonda kinaonekana chini ya tandiko, usimpande, na mwambie mwenye mnyama kwa nini.

Dalili za kwanza za ugonjwa wa kimo ni kichwa kuuma, kichefuchefu na kukosa usingizi. Pumzika, kunywa maji, usipande zaidi. Mwenzako akianza kuyumba anapotembea, kuongea ovyo, au kuhema kwa shida hali amekaa, mshushe saa hiyohiyo, hata kama ni usiku. Dawa ya acetazolamide husaidia kuzuia, lakini mwone daktari kabla ya safari, hasa kama una mzio wa dawa za salfa. Namba ya dharura ya India ni 112, na ya gari la wagonjwa ni 108.

Lala juu usiku mmoja. Umati wa mchana hupungua, na alfajiri kilele kilicho nyuma ya hekalu huwaka rangi ya dhahabu kabla jua halijalifikia bonde. Ndani, kinachoabudiwa ni jiwe la asili lenye umbo la pembetatu. Wahindu husimulia kwamba ndugu wa Pandava, baada ya vita vyao vikuu, walimtafuta Shiva wakiomba msamaha, naye akajificha kwa umbo la fahali na kuzama ardhini. Nundu yake ilibaki Kedarnath. Mikono ilitokea Tungnath, uso Rudranath, kitovu Madhyamaheshwar na nywele Kalpeshwar. Mahekalu hayo matano huitwa Panch Kedar.

Adabu ya hekaluni

Vua viatu na uache mkanda wa ngozi. Funika mabega na magoti. Simu na kamera haziruhusiwi ndani ya Kedarnath. Zunguka hekalu kwa upande wa saa, mkono wako wa kulia ukiwa upande wa ukuta. Kila hekalu lina kanuni yake kuhusu wasio Wahindu, na kanuni hizo hubadilika, kwa hiyo uliza mlangoni. Ukiambiwa uishie uani, ishia uani kwa moyo mweupe. Wenyeji ndio wenye nyumba. Ukipewa prasad, chakula kilichobarikiwa, pokea kwa mkono wa kulia. Kama dini yako haikuruhusu, unganisha viganja kifuani, inamisha kichwa kidogo, na hakuna atakayekulazimisha.

Kuhani huitwa pandit, na kwa heshima huongezwa "ji": panditji. Mzee wa njiani mwite baba ji, mama mtu mzima mata ji. Salamu ya Kedarnath ni "Jai Kedar!", na utaisikia kutoka kwa kila anayeshuka.

Hatua ya 7: Badrinath, na mabonde ya jirani

Badrinath ni hekalu la mungu Vishnu, na gari hufika karibu kabisa na mlango, kwa hiyo miguu yako itapumzika. Kutoka Sonprayag hesabu siku nzima hadi Joshimath, ulale hapo, kisha umalizie kilomita 45 hivi asubuhi. Mahujaji huoga kwanza katika chemchemi ya moto ya Tapt Kund, chini ya hekalu. Kuhani mkuu, anayeitwa Rawal, kwa mapokeo hutoka Kerala, kusini kabisa mwa India. Kilomita 3 mbele kuna kijiji cha Mana, cha mwisho kabla ya mpaka, ambako wanawake hufuma sufi vibarazani.

Kama umekuja Julai au Agosti kwa ajili ya Bonde la Maua, shukia Govindghat, kisha panda kwa miguu hadi Ghangaria. Bonde hilo liko katika Urithi wa Dunia wa UNESCO pamoja na hifadhi ya Nanda Devi, na ndilo jambo pekee linalonifanya niwashauri watu waje wakati wa mvua.

Yamunotri na Gangotri nimeziacha nje makusudi. Ukiziongeza utakuwa unaishi ndani ya gari. Ziwekee safari nyingine, na uongeze Gaumukh, chanzo cha Bhagirathi, kilomita 18 za miguu kutoka Gangotri, kwa kibali na kwa watu 150 tu kwa siku.

Ukija wakati wa baridi

Mahekalu ya juu yamefungwa, lakini Auli ina mteremko wa kuteleza juu ya theluji Januari na Februari, na shirika la serikali la GMVN hutoa mafunzo kwa wanaoanza. Nenda kwa barabara kutoka Joshimath. Mji huo ulipasuka nyufa mwanzoni mwa 2023 ardhi ilipodidimia, na gari la kamba la kwenda Auli likasimamishwa. Kwa kupanda kwenye theluji, Kedarkantha kutoka Sankri, mita 3,800 hivi, ni mlima mzuri wa kwanza.

Mzigo na pesa

Nguo za tabaka: fulana isiyoshika jasho, sweta la sufi, jaketi la manyoya, koti la mvua. Kofia, glavu, viatu vilivyokwisha kuzoeleka mguuni, fimbo, tochi ya kichwani. Soksi nzito pia, kwa sababu sakafu ya mawe ya hekalu la mlimani alfajiri huuma nyayo. Wenyeji hulipa kwa simu, lakini mfumo wao humkataa mgeni mara nyingi, kwa hiyo toa pesa taslimu Rishikesh na ubebe noti ndogondogo.

Hatua ya 8: Kurudi

Magari hayatembei usiku kwenye barabara za milimani, na jiwe moja likianguka laweza kufunga njia hadi kesho yake. Acha siku mbili nzima kati ya kushuka Badrinath na ndege yako ya Delhi. Barabara ikiwa wazi, tumia siku hizo Rishikesh kushuka njia ya Kaudiyala ambayo mwanzoni hukuithubutu. Kufikia hapo mabega yatakuwa yamepata nguvu na utakuwa umeshawajua viongozi wa kuwaamini.